Mzee Asikalishwe Kitako: Heshima, Pensheni na Uwezo wa Kutenda

Katika desturi za Unguja na Pemba, kama zilivyo za pwani nzima ya Afrika Mashariki, mtoto mwema hutambulikana kwa namna anavyowapumzisha wazazi wake: mama aliyelea watoto wengi haachwi achote maji wala akune nazi, na baba aliyechoshwa na shamba la karafuu huambiwa akae barazani aletewe kila kitu pale alipo. Desturi hiyo imesimama juu ya mapenzi na juu ya kulipa fadhila, na hakuna jamii inayoweza kuibeza bila ya kujidhuru yenyewe. Hata hivyo, elimu ya uzee inaonyesha kwamba kumtunza mzee na kumpumzisha mzee ni mambo mawili yasiyokwenda pamoja kila mara, kwa kuwa anayeondolewa kazi zote kwa jina la heshima huweza kupoteza pamoja nazo nguvu za miguu, fedha ya mfukoni na sauti yake ndani ya nyumba.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2015 kuhusu uzee na afya, lilieleza kuwa kuzeeka vyema ni kujenga na kuhifadhi uwezo wa kutenda, yaani uwezo wa mtu kuwa vile anavyothamini kuwa na kufanya yale anayoyaona yana maana kwake. Kwa kipimo hicho, bibi wa miaka 75 mwenye presha na maumivu ya magoti, lakini anayekwenda sokoni, kusuka ukili na kuhudhuria maulidi, anazeeka vyema kuliko jirani yake asiye na ugonjwa wowote ambaye hatoki chumbani. Suala hili linawahusu watu wengi zaidi kila mwaka: idadi ya watu wenye miaka 60 na zaidi duniani, iliyokuwa bilioni 1 mwaka 2020, inatarajiwa kufikia bilioni 2.1 mwaka 2050, na nchini Tanzania sensa ya mwaka 2022 iliwakuta wazee wakiwa asilimia 5.7 ya watu milioni 61.7.

Msingi wa kwanza wa uwezo huo wa kutenda ni misuli, ambayo huanza kupungua polepole tangu utu uzima na kupungua kwa kasi zaidi baada ya miaka 60, hasa kwa mtu asiyeitumia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya njema walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu baada ya kulala kitandani kwa siku 10 tu. Kwa hivyo kazi ndogo za nyumbani zina thamani isiyoonekana kwa haraka. Anayekalia mbuzi ili akune nazi hukaza mapaja kuizuia isitikisike, huinama na kuzungusha kifuu kwa mikono miwili, kisha huinuka kutoka karibu na ardhi bila ya kushika kitu, na kila moja ya harakati hizo ni zoezi ambalo daktari wa viungo angemwagiza mgonjwa wake alifanye. Hali ni hiyo hiyo kwa Mwislamu anayetimiza rakaa 17 za faradhi kila siku, kwani kurukuu, kusujudu na kuinuka huviweka viungo katika mazoezi yaliyogawanywa kutwa nzima. Dini imemruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi, lakini mzee anayeanza kushindwa kuinuka anastahili pia kuchunguzwa magoti, macho na dawa anazokunywa, kwa sababu udhaifu huo mara nyingi hutangulia kuanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika wengi hawarudi tena katika mwendo wao wa zamani.

Msingi wa pili ni milango ya fahamu. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, na mtu hushindwa kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua mchele au kusoma ujumbe wa simu, ingawa miwani ya bei nafuu ingeweza kumrudishia yote hayo. Huko Assam, India, utafiti wa mwaka 2018 uliwapa miwani ya kuonea karibu wachumaji wa chai wenye miaka 40 na zaidi, na uvunaji wao ukaongezeka kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Masikio nayo yana uzito wake, kwani asiyesikia vizuri huona haya kuuliza mara mbili, akaanza kujitenga na baraza. Jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya matukio ya demenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, yanahusishwa na mambo yanayoweza kuzuiwa au kupunguzwa, yakiwemo kutosikia, kutoona, presha na upweke.

Msingi wa tatu, ambao familia huusahau kwa kudhani kuwa chakula na malazi vinatosha, ni fedha aliyonayo mzee mwenyewe. Zamani, mvuvi au mkulima wa Pemba alizeeka katikati ya wanawe, ilhali leo watoto ni wachache kuliko zamani na wengi wao wako Dar es Salaam au Maskati, wakituma fedha kwa simu pale wanapojaliwa. Kiinua mgongo na pensheni vilikuwa vya walioajiriwa rasmi, huku wavuvi, wakulima na wasuka mikeka wakibaki mikononi mwa jamaa. Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii, ambayo humlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 bila ya kumuuliza aliwahi kuchangia mfuko gani wala ana umaskini kiasi gani. Malipo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na katika uongozi wa Rais Hussein Mwinyi yakapandishwa hadi shilingi 50,000.

Kiasi hicho hakitoshi kumlisha mtu mwezi mzima, lakini kinamfanya bibi aweze kujinunulia dawa bila ya kusubiri, kutoa mchango wa shughuli na kumpa mjukuu nauli ya skuli, na kwa hayo akabaki mtu anayetegemewa. Afrika Kusini imeonyesha faida inayovuka kizazi, kwani uchunguzi wa mchumi Esther Duflo, uliochapishwa mwaka 2003, uliwakuta watoto wa kike walioishi na bibi mwenye pensheni wakiwa na afya ya mwili iliyo bora zaidi, tofauti ambayo haikuonekana pensheni ilipopokewa na babu.

Fedha, hata hivyo, haimwogeshi mgonjwa wa kiharusi wala haimwongozi aliyepotewa na kumbukumbu. Kazi hiyo hubebwa kwa kawaida na binti au mkwe mmoja asiyelipwa, na ndugu wanaotuma fedha kutoka mbali huiona huduma yake kuwa ni wajibu usiohitaji likizo. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zimewahifadhi wasio na jamaa, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya familia za visiwa vizima, hivyo msaada wa maana ni ule unaompa muuguzaji wa nyumbani mafunzo, zamu ya kupumzika na njia fupi ya kumfikia daktari.

Pensheni inaanza miaka 70, lakini nguvu atakazoipokea nazo mtu huwa zimekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa miaka 30 kabla, na wale waliopimwa presha na macho tangu miaka 40 ndio wenye nafasi kubwa ya kuifikia wakiwa bado wanatembea. Kwa aliyekwisha kuzeeka, familia ina la kufanya lililo bora kuliko kumnyang'anya kazi: kumuuliza ni ipi anayotaka kuendelea nayo, kisha kuondoa kinachomzuia, ambacho mara nyingi ni miwani iliyokosekana, choo kisicho na pa kushika, au taa isiyowaka usiku.