MAKALA: Mlima Uliolala Haujafa – Kwa Nini Milima ya Volkano Hupandwa kwa Kuongozwa

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Mkoa wa Katavi hauna mlima wa volkano. Hata hivyo, mkoa huu umo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na chemichemi za Majimoto katika Halmashauri ya Mpimbwe zinawakumbusha wakazi wake kila siku kuwa chini ya ardhi kuna joto. Ukilifuata bonde hilo kuelekea kusini-mashariki, ukalipita Ziwa Rukwa, unafika Rungwe mkoani Mbeya, penye milima ya volkano iliyo karibu zaidi na Mpanda.

Safari ya barabara kutoka Mpanda kupitia Sitalike, Sumbawanga na Tunduma hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 500. Kwa vijana wanaosafiri pamoja wakiwa na mizigo yao mgongoni, safari hiyo inawezekana bila gharama kubwa. Makala hii inaeleza kinachowasubiri huko na sababu ya msingi ya kutopanda bila mwongozaji.

Milima yenyewe

Ngozi ni mlima wenye kreta iliyojaa maji, katika safu ya Poroto kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Ziwa lake lina urefu wa takribani kilomita 2.5, na halina mto unaotoka juu ya ardhi. Njia ya kupanda hupita katika msitu mnene, kisha huwa na mwinuko mkali karibu na ukingo. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

Mlima Rungwe una urefu wa takribani mita 2,960 na huhitaji siku nzima ya kazi ngumu. Msitu wake ni makazi ya kipunji, nyani aliyetambulishwa rasmi kwa wanasayansi mwaka 2005, ambaye hupatikana Tanzania pekee.

Mlima wa tatu, Ol Doinyo Lengai katika Wilaya ya Ngorongoro, Arusha, una urefu unaokaribiana na Rungwe lakini hali yake ni tofauti kabisa. Huo ni volkano hai, na mwaka 2007 na 2008 ulilipuka kwa nguvu. Kwa kawaida wapandaji huanza safari usiku wa manane, kwa kuwa mteremko wake hauna kivuli wala maji. Lava yake ina joto la kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, chini sana ya lava ya kawaida, hivyo mchana haing'ai na huweza kuonekana kama tope jeusi. Kundi lisilo na uzoefu halipaswi kuanzia hapo.

Kulala si kufa

Wananchi wengi huiona milima ya Rungwe kuwa mawe ya zamani yaliyofunikwa na migomba na mashamba ya chai. Ukweli ni kwamba Mlima Kyejo, ulio katika eneo hilohilo, ulitoa lava takribani miaka 200 iliyopita. Huo ni muda mfupi sana katika umri wa mlima. Joto lililoko chini ndilo linaloifanya Ngozi kuwa miongoni mwa maeneo yanayofanyiwa kazi na Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC).

Hatari ya kila siku, hata hivyo, si mlipuko bali ni gesi. Ardhi ya Rungwe hutoa hewa ya ukaa kwa wingi kiasi kwamba huvunwa kwa matumizi ya viwanda. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa alfajiri kunapokuwa hakuna upepo. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, huyaita maeneo ya aina hiyo mazuku, na wanajua kuwa anayelala humo huenda asiamke. Mgeni anayetafuta mahali pa kujikinga na baridi kwa ajili ya hema lake atalichagua bonde kama hilo kwa nia njema kabisa. Mwenyeji atamzuia.

Kazi halisi ya mwongozaji

Wapo wanaoamini kuwa mwongozaji hulipwa kwa ajili ya kuonyesha njia, na kwamba simu yenye ramani inatosha. Kuonyesha njia ni sehemu ndogo ya kazi yake. Kazi kubwa ni kusema "turudi" wakati kila mtu anataka kuendelea.

Tarehe 27 Septemba 2014, Mlima Ontake nchini Japani ulilipuka ghafla ukiwa na wapandaji wengi juu yake. Watu 58 walifariki na 5 hawakupatikana, ingawa kiwango cha tahadhari siku hiyo kilikuwa cha chini kabisa. Tarehe 9 Desemba 2019, kisiwa cha volkano cha Whakaari nchini New Zealand kililipuka wakati watalii wakiongozwa, na watu 22 walipoteza maisha. Tahadhari ilikuwa imepandishwa wiki chache kabla, lakini ziara ziliendelea. Kuwa na mwongozaji, basi, hakutoshi. Ni lazima awe na mamlaka ya kuahirisha safari, na kundi liwe limekubali hivyo kabla ya kuondoka.

Mambo ya kuzingatia

Msitu wa Ngozi na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe vinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Wananchi wanashauriwa kupata kibali na viwango vya ada katika ofisi za Wakala kabla ya safari, kulipa kwa kumbukumbu namba na kudai stakabadhi. Aidha, mwongozaji aulizwe leseni yake.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo yenye mvua chache, ingawa usiku huwa na baridi kali. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) usomwe siku ya kuondoka. Kila mmoja abebe maji yake, koti la mvua, tochi na viatu vyenye kushika ardhi. Moto usiwashwe msituni, na taka zirudi na aliyezibeba.

Kundi lisigawanyike. Mwenye mwendo wa pole ndiye apange mwendo wa wote, na akishindwa mmoja, uamuzi wa nani ashuke naye ni wa mwongozaji. Orodha ya majina na muda wa kurejea iachwe kwa mtu asiyepanda, ili saa ikipita apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 ya Polisi.

Ukungu ukifunika Ngozi, ziwa halitaonekana hata ukifika ukingoni, na kushuka kwenye kuta za kreta zenye utelezi ili kulitafuta ni kuhatarisha maisha. Mlima utakuwepo mwezi ujao. La msingi ni wote walioondoka Mpanda warejee Mpanda.