Mteja asikupate kwa kuuliza bodaboda

Fungua tovuti za mashirika yetu mengi, ubofye palipoandikwa "Matawi Yetu". Utakuta jina la tawi, sanduku la posta na namba ya simu, basi. Mama mwenye mtoto mgonjwa, anayetafuta usiku duka la dawa linalopokea kadi yake ya bima, orodha hiyo haimsaidii kitu. Sanduku la posta halimwambii ashukie kituo gani.

Njia ya kumsaidia ipo, nayo si ghali: kuweka kwenye tovuti kitafuta eneo. Mteja anaandika mahali alipo, au anairuhusu simu yake iseme, kisha anaonyeshwa matawi ya karibu kwenye ramani. Kinachofanya kazi hapo ni jiokodi, yaani kugeuza anwani ya maandishi kuwa latitudo na longitudo.

Ugumu unaanzia kwenye anwani zenyewe. Dar es Salaam watu huelekezana Sinza Makaburini, Buguruni Sheli, Tabata Bima, Mbagala Rangi Tatu. Kompyuta haiyajui majina hayo mpaka mtu ayaingize kwenye ramani. Hata yakiingizwa, mengine yanagongana. Ukiandika "Mbezi" peke yake, haijulikani kama unakwenda Mbezi Beach, wilayani Kinondoni, au Mbezi ya Barabara ya Morogoro, wilayani Ubungo. Atakayepelekwa siko atalipa nauli mara mbili.

Kazi ya kuziba pengo hilo imekwishaanza. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Walichochora kiliingia kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Mwaka 2022 Serikali nayo iliendesha operesheni ya anwani za makazi: nyumba zikapewa namba, mitaa ikawekewa vibao, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa anwani uitwao NaPA.

Hata hivyo, mwenye tovuti asiiachie mashine ibahatishe lilipo tawi lake. Atume mtu. Asimame mlangoni, asome latitudo na longitudo kwenye simu yake, aandike tarakimu zote. Akibakiza tarakimu mbili tu baada ya nukta, alama inaweza kuangukia zaidi ya nusu kilomita kutoka mlangoni. Tarakimu tano zinatosha kabisa.

Kisha namba hizo zikaguliwe. Katikati ya Dar es Salaam ni kama latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Sahau alama ya kutoa, tawi lako litahamia Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Anza na longitudo badala ya latitudo, litaibukia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Alama yoyote iliyo nje ya latitudo 0 hadi -12, au nje ya longitudo 29 hadi 41, haiko Tanzania. Programu iagizwe kuikataa.

Umbali nao una mtego wake. Vitafuta eneo vingi hupima mstari ulionyooka. Kwa aliye Kivukoni, tawi la Kigamboni litaonekana karibu kuliko la Kariakoo, kwa sababu mstari unavuka maji bila kusubiri pantoni. Mwenye gari asiyetaka foleni ya pantoni atazunguka hadi Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016. Tovuti ipime umbali wa barabara, na kama haiwezi, basi imwambie mteja kwamba kuna maji ya kuvuka.

Wataalamu wa tovuti wazingatie pia gharama. Namba za matawi zihifadhiwe mara moja kwenye hifadhidata, jiokodi ibaki kwa anwani anayoandika mteja. Nominatim, huduma ya bure ya jiokodi ya OpenStreetMap, hairuhusu zaidi ya ombi moja kwa sekunde. Ramani pia hula bando, kwa hiyo orodha itangulie, ramani ifunguke mteja akiibofya. Asiyetaka kutaja alipo awekewe kisanduku cha kuandika mtaa wake, kwa kuwa tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mahali mtu alipo ni siri yake.

Mkurugenzi unayesoma makala haya, Jumatatu fungua tovuti ya shirika lako kwa simu ya kawaida, utafute tawi usilowahi kufika. Ukishindwa, jua wateja wako wanashindwa kila siku. Mpe kazi hiyo mtu mmoja mwenye jina, na kila tawi likihama alama irekebishwe siku hiyohiyo. Mgonjwa akipelekwa kwenye duka lililofungwa zamani, wa kulaumiwa ni mwenye tovuti.