Daktari wa Familia Kanada: Kwa Nini Huduma Hutofautiana Jimbo kwa Jimbo

Nchini Kanada, huduma za afya husimamiwa na majimbo. Sheria ya Afya ya mwaka 1984 huweka masharti ya jumla tu. Malipo ya madaktari hupangwa na serikali ya jimbo na chama cha madaktari wa jimbo hilo. Ndiyo maana mageuzi ya huduma za msingi yalipokelewa kwa namna tofauti, ingawa shabaha ilikuwa moja: daktari ashirikiane na wauguzi, wafamasia na maofisa ustawi wa jamii, na mgonjwa awe na mahali pamoja aliposajiliwa.

Quebec ilitangulia mwaka 2002 kwa kuanzisha vikundi vya madaktari wa familia vinavyojulikana kama GMF. Alberta ilifuata mwaka 2005 na mitandao ya huduma za msingi. Huko daktari alibaki katika kliniki yake na aliweza kuendelea kulipwa kwa kila huduma, huku mtandao ukiajiri wauguzi na wataalamu wengine wa kumsaidia. Kwa kuwa hakulazimika kubadili mengi, madaktari wengi walijiunga.

Ontario, iliyoanzisha timu za afya ya familia mwaka huohuo, iliweka sharti zito zaidi: daktari wa timu aache kutegemea malipo ya kila huduma. Wengi wao hulipwa kwa idadi ya wagonjwa waliosajiliwa, kwa kuzingatia umri na jinsia. British Columbia ilikawia kubadili malipo hadi Februari 2023, ilipoleta utaratibu unaolipia muda wa daktari, idadi ya wagonjwa anaowaona na uzito wa maradhi yao.

Tofauti zipo hata ndani ya jimbo. Huko Ontario, hesabu ya umri na jinsia haioni mgonjwa mwenye maradhi mengi wala anayehitaji mkalimani, na kumhudumia humchukulia daktari muda mrefu. Utafiti wa Ontario umeonyesha kuwa wahamiaji wapya na watu wa kipato cha chini walisajiliwa kwa uchache katika mfumo huo. Mwaka 2015 serikali ilipunguza idadi ya madaktari wanaoruhusiwa kujiunga nao, ikitanguliza maeneo yenye uhaba.

Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na vituo vya afya vya jamii, ambako madaktari hulipwa mshahara. Vituo vingi vya Ontario hupokea hata wasio na kadi ya bima ya jimbo, na baadhi huwa na wakalimani.

Anayehamia jimbo jingine huomba upya bima ya afya, na akikosa daktari hujiandikisha katika orodha ya huko: Health Care Connect kwa Ontario, Health Connect Registry kwa British Columbia, na dirisha la GAMF kwa Quebec. Foleni na utaratibu wake hufuata mpango wa kila jimbo.