Je, Wajua? Ndege ya kukwepa rada ilitokana na hesabu za Mrusi

Mwaka 1962 mwanafizikia Pyotr Ufimtsev alichapisha mjini Moscow kitabu cha hesabu kuhusu namna mawimbi ya sumakuumeme yanavyotawanyika yanapogonga kitu. Wimbi la rada likigonga bapa la chuma huakisiwa karibu lote upande mmoja, kama mpira uliopigwa ukutani. Bapa likiinamishwa, wimbi halimrudii aliyelirusha. Tatizo ni kingo. Hapo wimbi husambaa kila upande, na hapo ndipo kanuni za awali zilipokosea. Ufimtsev alikokotoa mchango wa kingo hizo.

Wakuu wa Kisovieti hawakuona siri yoyote ndani yake, wakaacha kitabu kitoke wazi. Jeshi la Anga la Marekani lilikitafsiri mwaka 1971, kisha Denys Overholser wa kampuni ya Lockheed akaziingiza kanuni zake kwenye programu ya kompyuta. Tunda lake ni ndege ya kukwepa rada, F-117, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981. Umbo lake la mabapa, ambalo si zuri hata kidogo, halikuwa mtindo: kompyuta za wakati huo hazikumudu kukokotoa nyuso zilizopinda.