Nasaba za wafalme wa Katanga zisomwe upande wa wanawake

Katika nyumba nyingi za Kikula, hapa Likasi, utamsikia mzee wa miaka sabini akimwita mjukuu anayejifunza kutembea "baba", tena kwa heshima kamili. Mtoto amepewa jina la baba wa mzee huyo, na jina halikuja peke yake. Limekuja na nafasi yake. Mama mzazi naye, kwa kuwa amembeba mtoto mwenye jina la mkubwa wa upande wa mume, hawezi kumkemea ovyo. Majirani hawashangai, maana nyumbani kwao mambo ni hayo hayo. Nami naliona jambo hili kuwa mlango bora wa kuingilia nasaba za wafalme wa nchi hii, ambazo wengi wetu tulizipokea kama orodha kavu ya majina ya wanaume, kila jina na miaka yake.

Orodha hizo zilipangwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni waliokuja na kielelezo cha kwao. Kwa mfano wa Ulaya, tuwatazame Waingereza, ambao wameandika nasaba kwa bidii kuliko wengi. Tangu mwaka 1484 London ina chuo cha nembo na nasaba, College of Arms, na kuanzia mwaka 1530 maofisa wake walizunguka majimboni wakikagua nani ana haki ya kujiita mtu wa ukoo bora. Cheo na ardhi vilikwenda kwa mwana wa kwanza wa kiume. Binti aliolewa akahamia kwenye kitabu cha ukoo mwingine. Lakini hata kule, ndoa ndizo zilizobeba mzigo mzito. Henry VII alikuwa ametwaa kiti kwa vita, na mwaka 1486 akamwoa Elizabeth wa York ili nyumba mbili zilizochinjana kwa miaka thelathini ziwe nyumba moja. Mwaka 1895 mtawala wa jumba la Blenheim, Duke wa Marlborough, alimwoa Consuelo Vanderbilt, binti wa tajiri wa reli wa Marekani. Bibi harusi alilazimishwa na mama yake, na fedha za reli zikaokoa jumba. Yote hayo yanajulikana, ila ukiuchora ukoo kwa mtindo wa Kiingereza, shina linabaki la wanaume, na wake wanaonekana kama majani.

Ukiuchukua mtindo huo na kuuvisha Walunda au Waluba, hesabu inagoma.

Mfano wa Walunda ndio ulio wazi zaidi. Masimulizi ya Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, huko Kapanga, yanasema kwamba mzee Nkonde alimpa binti yake Ruwej bangili ya utawala, lukano, akawanyima wanawe Kinguri na Chinyama. Akaja mwindaji Mluba, Chibinda Ilunga, Ruwej akaolewa naye. Kaka zake wakakasirika wakaondoka: Kinguri akaelekea Angola, Chinyama akaelekea kusini. Ruwej hakuzaa. Akampa mumewe mwanamke mwingine, Kamonga, na mtoto wa Kamonga ndiye Yav, ambaye jina lake limekuwa cheo cha wafalme wote waliofuata.

Wasomi wa zamani walichukua kila jina kuwa ni mtu mmoja, wakazidisha vizazi kwa miaka ya kila kizazi, wakapata tarehe. Tarehe zikagongana. Mwaka 1976 Joseph Miller, aliyechunguza masimulizi ya Angola, alitoa hoja kwamba majina haya ni vyeo. Kinguri si mtu aliyeishi miaka mingi mno, ni kiti kilichokaliwa na watu wengi. Basi wanaposema Kinguri ni kaka wa Ruwej, wanasema kiti kile na kiti hiki vina undugu, na undugu huo haufi wenye viti wanapokufa. Hata leo Musumba kuna mwanamke mwenye cheo cha Swana Mulunda, anayekaa mahali pa Ruwej, na mwingine mwenye cheo cha Lukonkesh. Hawa si wake wa mfalme waliopewa majina ya heshima. Ni nguzo za dola, na kila mmoja ana haki zake.

Mtaalamu aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote ni Ian Cunnison, aliyekaa Luapula miaka ya 1940 na 1950 miongoni mwa watu wa Mwata Kazembe. Alisikia wazee wakisimulia habari za karne mbili nyuma kwa kusema "mimi": mimi nilivuka mto, mimi nilimpiga fulani, mimi nikapewa mke. Msimulizi alikuwa amerithi jina, na pamoja na jina amerithi matendo, madeni na jamaa wa mwenye jina wa kwanza. Cunnison aliita hali hiyo undugu wa kudumu. Kwa sheria ya undugu huo, chifu wa miaka themanini anaweza kumpigia magoti kijana wa miaka ishirini na kumwita baba, kwa kuwa kiti cha kijana kilikizaa kiti cha mzee. Kazembe mwenyewe humhesabu Mwant Yav kuwa mkubwa wake, ingawa mmoja leo yuko Zambia na mwingine Kongo. Ni sheria ile ile ya mjukuu wa Kikula anayeitwa baba, isipokuwa hapa imebeba ushuru, mipaka na vita.

Sasa tuwageukie Waluba, maana kisa chao kina ufundi ambao hausifiwi vya kutosha. Nkongolo Mwamba ni mfalme mkali. Anakuja mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mpole na mwenye adabu za kifalme, naye anapewa dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela. Bulanda anamzaa Kalala Ilunga. Kijana anakua kwa mjomba wake, anakuwa shujaa, mjomba anataka kumuua, anakimbilia kwa baba yake, anarudi na jeshi na kumshinda Nkongolo. Waluba wa Katanga huhesabu ukoo kwa baba, kwa hiyo utawala wao unaanzia kwenye damu ya Mbidi. Lakini majirani wao wa kusini, Wasanga, Walamba na Wabemba, huhesabu kwa mama, na kwao mrithi wa mtu ni mtoto wa dada yake. Msomee Msanga kisa hicho hicho: ataona kwamba Kalala Ilunga ni mtoto wa dada wa Nkongolo, yaani mrithi halali. Kwa hesabu ya baba ana haki, kwa hesabu ya mama ana haki. Mtunzi wa nasaba hii, yeyote aliyekuwa, aliweka mwanamke mmoja katikati ili pande zote mbili zimkubali mfalme mmoja. Mfute Bulanda kwenye orodha, ubaki na muuaji aliyempora mjomba wake kiti.

Karibu na kwetu, na karibu na wakati wetu, yuko Msiri. Bunkeya, mji wake mkuu, iko kaskazini mwa Likasi, na historia yake tunaweza kuifuata kwa tarehe. Baba wa Msiri, Kalasa, alikuwa Msumbwa kutoka Unyamwezi, mfanyabiashara wa misafara aliyeifuata shaba ya Katanga. Mwana alibaki huku katika miaka ya 1850, akawa mwami, yaani mfalme, wa Wayeke, akatawala nchi pana. Frederick Arnot, mmisionari wa Kiskoti aliyefika Bunkeya Februari 1886, alikuta mji ulioundwa na vijiji vingi, na vijiji hivyo viliangaliwa na wake za mwami. Waliomtembelea walitaja wake mamia. Wageni wengi waliishia kushangaa hesabu, wakaandika habari za tamaa ya mfalme wa Kiafrika. Hawakuuliza kila mke ametoka wapi. Machifu waliomtii walimpelekea mabinti. Kila binti akawa sikio la nyumbani kwao ndani ya mji mkuu, na pia rehani ya utii wao. Biashara ya magharibi nayo iliingia kwa ndoa: Maria da Fonseca alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa Bihé, Angola, ambao misafara yao ilileta bunduki na baruti kutoka pwani ya Benguela.

Nisipite hapa haraka. Wengi wa wanawake hao hawakuulizwa. Wako waliotekwa, wako waliotolewa kama fidia. Nasaba inayowataja kama fahari ya mwami haijawatendea haki, na ile isiyowataja kabisa imewaonea mara ya pili.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa risasi za Omer Bodson, ofisa wa msafara wa William Stairs uliotumwa kwa manufaa ya Mfalme Leopold II. Wasanga tayari walikuwa wameasi. Ukisoma tukio hilo kwa macho ya vita tu, unaona bunduki zikishinda mishale na magobori. Ukilisoma kwa macho ya nasaba, unaona pia mtandao wa ukwe ukikatika siku moja, maana mafundo yote yalifungwa mkononi mwa mtu mmoja ambaye kiti chake kilikuwa bado kichanga. Wayeke walijifunza. Mrithi wake, Mukanda Bantu, alitawala hadi mwaka 1910, akafuatwa na Kitanika hadi 1940, kisha Musamfya hadi 1956, kisha Antoine Munongo hadi 1976, na wote wamehesabiwa kwa jina moja la Mwenda. Mgeni aliyekuja na misafara ameacha kiti kinachorithiwa kwa desturi ile ile ya nchi aliyoikuta.

Wanaodhani haya ni mambo ya kale wakumbuke Julai 1960, Katanga ilipojitangaza nchi. Rais wake, Moïse Tshombe, alikuwa Mlunda mzaliwa wa Musumba, na mkewe Ruth alikuwa binti wa Mwant Yav. Waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwa wa nyumba ya Msiri, na mwaka 1976 yeye mwenyewe akakalia kiti cha Bunkeya. Vitabu hutaja kampuni za madini na askari wa kukodiwa, na ni kweli walikuwapo. Lakini mwananchi wa Likasi wa wakati ule, mji uliokuwa bado ukiitwa Jadotville, alijua kwamba serikali ile imekaa juu ya mikeka miwili ya kifalme, na kwamba Waluba wa kaskazini waliomfuata kiongozi wao Jason Sendwe hawakuwa na mkeka wao pale.

Ndipo tunarudi kwa watu wa kawaida, kwa kuwa Kikula imefanya kwa wafanyakazi kile ambacho Bulanda alifanya kwa wafalme. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta watu kutoka Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikapendelea mfanyakazi aliyekaa na mke wake. Wanaohesabu kwa baba wakaoana na wanaohesabu kwa mama, na hapo kuna fumbo ambalo kila familia ya mji huu imelipitia, hata kama haijalitamka. Mwanaume Mluba akimwoa mwanamke Msanga, mtoto anadaiwa na pande zote mbili. Mwanaume Msanga akimwoa mwanamke Mluba, kwa sheria kali ya kila upande mtoto hana pa kudaiwa: kwa Wasanga ukoo ni wa mama, na mama si Msanga, kwa Waluba ukoo ni wa baba, na baba si Mluba. Mtoto wa namna hiyo alipata ukoo kwa mazungumzo, kwa jina alilopewa, na kwa mjomba aliyekubali kusimama. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilikata upande mmoja iliposema kwamba kila mtoto Mkongo lazima awe na baba, ikaacha vilevile mahari kuwa sharti la ndoa.

Mwaka 1992 na 1993 fumbo hilo liligeuka msiba. Wakasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na swali lililoamua nani abaki na nani aondoke lilikuwa la baba tu. Watoto waliozaliwa hapa na mama wa hapa walihesabiwa wageni. Wanawake wa Katanga wakachagua kati ya mume na ndugu. Hakuna sheria ya kale ya Walunda, Waluba wala Wasanga niliyoieleza hapa ambayo ingefuta upande wa mama namna hiyo, na naisema hivyo kwa uchungu, kwa sababu waliofukuza walidai wanatetea mila.

Kwa hiyo anayetaka kuandika ukoo wake leo Kikula, asianze na orodha ya baba na babu. Aitafute karatasi ya mahari, ile inayotunzwa na shangazi pamoja na vyeti vya ubatizo. Humo ameandikwa nani alipokea nini: baba wa binti, mama yake, mjomba, na nkambo, yaani babu au bibi, aliyetengewa blanketi au mbuzi. Aulize kila mpokeaji alitoka kijiji gani, kwa chifu yupi, na jina lake limepewa mtoto gani. Pale mjomba anapokosekana kwenye orodha, aulize kwa nini, na amuulize mwanamke mzee kuliko wote katika nyumba, mapema.