Je, Wajua? Kache, Ghala la Majibu Yaliyokwisha Tolewa

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, kwa kawaida mwezi Januari, mzazi wa Bukoba mjini, mwalimu wa Kamachumu na mvuvi wa kisiwa cha Bumbire huko Muleba hushika simu karibu saa ileile na kuuliza jambo lilelile. Ukurasa wa matokeo wa shule hautungwi upya kwa kila mmoja wao. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kurasa zilizokwisha andikwa, shule kwa shule, na kazi ya seva ni kuukabidhi tu ule ulioombwa. Kache ni ndugu wa mpango huo: programu huiuliza hifadhidata mara moja, ikalitunza jibu karibu, na atakayefuata akapewa hilohilo.

Tovuti ikilemewa, wengi hudai mashine kubwa zaidi. Naona wanakosea. Kila inapoulizwa, hifadhidata hulichambua swali, hupekua majedwali na kupanga safu; ikiulizwa mara elfu kumi juu ya jambo lisilobadilika, mara 9,999 imefanya kazi bure, na mashine kubwa itaifanya kazi hiyohiyo ya bure kwa kasi zaidi. Mwaka 2003 Brad Fitzpatrick aliunda programu ya kache iitwayo memcached kwa ajili ya LiveJournal, tovuti ya shajara huko Marekani, ili majibu yakae kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. RAM hufikiwa kwa muda usiotimia sehemu ya milioni ya sekunde. Diski inayozunguka huhitaji milisekunde kadhaa. Baadaye hata Facebook iliitegemea memcached.

Kuna pingamizi zito: jibu lililotunzwa huchacha. Mkulima wa Muleba akionyeshwa bei ya kahawa ya mnada uliopita, anaweza kuuza kwa hasara, na salio la mtu anayetoa fedha halifai kabisa kusomwa kwenye kache. Nakubali. Lakini hoja hiyo inatutaka tupime umri wa kila jibu. Haituambii tuache kutunza. Matokeo ya mtihani yanaweza kukaa miezi. Bei ipewe dakika chache, au ifutwe papo hapo mpya inapoingizwa, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, kwa sababu sehemu moja ya programu ikisahau kufuta, bei ya zamani itaendelea kutolewa kana kwamba ni ya leo. Wewe unayejenga mfumo wa shule au wa chama cha ushirika, kabla hujaomba fedha za seva nyingine, hesabu kwanza ni maswali mangapi yanajirudia bila jibu kubadilika.