Je, Wajua? Lothlórien, Msitu wa Dhahabu

Sogea karibu, msomaji, leo tunaingia msituni! Msitu wenyewe huuoni kwenye ramani yoyote ya dunia yetu, lakini una wafalme, vita, wakimbizi, ndoa na tarehe zake. Unaitwa Lothlórien, umo katika riwaya ya The Lord of the Rings, na kila ukigeuka kuna la kukushangaza.

Je, wajua kwamba aliyeubuni msitu huu alizaliwa Afrika? J.R.R. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Mama yake alimpeleka Uingereza akiwa na miaka 3, wala hakurudi tena.

Je, wajua kwamba msitu huu ulipata umbo lake katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia? Tolkien aliiweka kando hadithi yake karibu mwaka mzima, mashujaa wake wamekwama katika giza la machimbo ya Moria. Alipoishika tena kalamu akawatoa gizani, na mwishoni mwa 1941 akawafikisha Lothlórien. Wasomaji waliuona msitu huo mwaka 1954, miaka 13 baadaye!

Haya, uko wapi basi? Uko katika Dunia ya Kati, mashariki ya Milima ya Ukungu, pale mto Celebrant unapomwaga maji yake katika mto mkubwa Anduin. Wenyeji wake ni Waelfi, viumbe wasiofikwa na uzee wala maradhi, na wale wa msitu huu huitwa Galadhrim.

Je, wajua Galadhrim hulala wapi? Juu ya miti! Wanajenga madungu ya mbao kati ya matawi, mengine hayana ukuta wala ukingo, nao wanalala humo usingizi mnono. Mji wao mkuu, Caras Galadhon, wote uko mitini, na ukumbi wa watawala umejengwa juu ya mti mkubwa kuliko yote.

Na miti yenyewe! Inaitwa mallorn, ina gome laini la rangi ya fedha, na majani yake hugeuka dhahabu baridi inapoanza. Lakini hayaanguki: yanabaki matawini baridi yote, hadi machipukizi ya kijani yatokeze na maua ya manjano yachanue. Hapo ndipo majani yanapodondoka, na sakafu ya msitu inakuwa dhahabu tupu.

Je, wajua mbegu za mallorn zilitoka ng'ambo ya bahari? Mfalme wa kisiwa cha Númenor alimpa zawadi Gil-galad, mfalme wa Waelfi, lakini nchini kwake hazikuota. Gil-galad akampa Galadriel, mtawala wa baadaye wa Lothlórien, na mikononi mwa mama huyo zikaota! Númenor ilimezwa na bahari mwaka 3319 wa Zama za Pili. Miti yake ikabaki hai Lothlórien.

Unadhani Galadriel ndiye mtawala wa kwanza? La hasha! Kabla yake alikuwepo Mfalme Amdír, aliyeongoza jeshi lake vitani dhidi ya Sauron, adui mkuu wa Dunia ya Kati, mwaka 3434 wa Zama za Pili. Akasukumwa na adui hadi ndani ya mabwawa, akafa humo pamoja na zaidi ya nusu ya askari wake.

Mwanawe Amroth akashika ufalme kwa miaka 1,988! Zama za Pili zilikwisha mwaka 3441, naye akaendelea kutawala hadi mwaka 1981 wa Zama za Tatu. Kama Amroth angeanza kutawala miaka ya mwanzo ya kalenda tunayoitumia, angemaliza juzi tu.

Je, wajua kilichomwangusha mfalme huyo? Mapenzi! Alimpenda Nimrodel, binti aliyeishi peke yake kando ya maporomoko ya maji na kukataa kusema lugha yoyote ila ile ya msituni. Naye akampa sharti moja: nipeleke kwenye nchi ya amani, ndipo nitaolewa nawe.

Safari yao ikaishia vibaya. Vibete, wachimba madini wa Moria, walichimba chini mno wakaamsha pepo la moto liitwalo Balrog mwaka 1980, na Waelfi wengi wakaukimbia msitu. Nimrodel akapotea milimani, Amroth akamngoja ndani ya merikebu. Dhoruba ilipoisukuma merikebu baharini akajitosa majini amrudie, asionekane tena.

Subiri, kisa hakijaisha! Mwenzake Nimrodel, Mithrellas, alipotea katika safari hiyo hiyo, akaokolewa na mwanadamu na kuolewa naye. Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, Mwelfi Legolas alimtazama Imrahil, mkuu wa Dol Amroth na mzao wa ndoa hiyo, akaiona damu ya Waelfi usoni mwake.

Sasa mkaribishe Galadriel. Yeye na mumewe Celeborn waliuchukua msitu ulipobaki bila mfalme, lakini hawakujiita mfalme na malkia. Waliitwa Bwana na Bibi wa Lothlórien, basi, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa binti wa ukoo wa kifalme.

Je, wajua Galadriel aliishi Dunia ya Kati karibu miaka 7,000? Alikuwa na kimo cha kama sentimita 193, na nywele za dhahabu zilizochanganyika na mng'ao wa fedha. Karne zote hizo, na mvi haikuota hata moja!

Je, wajua msitu wote ulilindwa na pete 1? Iliitwa Nenya, mojawapo ya Pete 3 za Waelfi ambazo mkono wa Sauron haukuzigusa kamwe. Galadriel aliivaa kidoleni, na Frodo, shujaa wa riwaya, aliiona kwa kuwa alibeba Pete Kuu ya Sauron. Rafiki yake Samwise, au Sam, aliyesimama hapo hapo, aliona nyota tu ikimeremeta kati ya vidole vya Bibi.

Na Pete Kuu yenyewe, ile inayoitikisa dunia nzima? Frodo alijitolea kumpa Galadriel bure. Akaitamani, akaitazama, akaikataa!

Je, wajua ukungu wa msitu huu uliwahi kusaidia jeshi zima? Mwaka 2510 wa Zama za Tatu, Eorl Kijana alipita karibu na Lothlórien akiwa na wapanda farasi 7,000, akienda kuiokoa Gondor. Ukungu mweupe ukatoka msituni ukawafunika adui asiwaone, na farasi wakapata nguvu mpya. Ajabu ni kwamba wazao wa wapanda farasi hao, watu wa Rohan, walikuja kuuogopa msitu huo!

Msafara wa Frodo ulifika Januari 3019, watu 8, wamefiwa na kiongozi wao, mchawi Gandalf, siku hiyo hiyo. Walikaa karibu mwezi mzima, lakini Sam alipoutazama mwezi angani alishindwa kuamini: yeye alizikumbuka siku chache tu. Humo ndani, siku hazina haraka.

Je, wajua walimkosa Gandalf kwa siku 1 tu? Msafara uliondoka tarehe 16 Februari, ukilia msiba wake. Tarehe 17 Februari tai Gwaihir akatua Lothlórien akiwa amembeba Gandalf mwenyewe, aliyerudishiwa uhai! Ni hapo msituni alipotibiwa na kuvikwa mavazi meupe.

Zawadi za kuagana nazo? Fëanor, fundi hodari kuliko Waelfi wote, aliwahi kumwomba Galadriel shungi la nywele mara 3, akanyimwa mara 3. Gimli, Kibete wa msafara ambaye jamii yake haikuruhusiwa kukanyaga msitu huo, alibanwa aseme anachotamani, akataja unywele 1. Akapewa 3!

Je, wajua kuhusu lembas? Ni mkate mwembamba uliofungwa katika majani ya mallorn, na mkate 1 tu humtosha msafiri kutwa nzima ya kazi ngumu. Frodo na Sam walivuka nchi kame ya Mordor kwa mkate huo. Gollum, aliyewaonyesha njia, alipouonja ukamkaba kooni!

Je, wajua Lothlórien ilishambuliwa mara 3 ndani ya siku 12? Majeshi ya Dol Guldur, ngome ya Sauron ng'ambo ya mto, yalikuja tarehe 11, 15 na 22 Machi 3019, na yote 3 yalirudishwa nyuma. Kisha Celeborn akavuka mto na jeshi lake kuiteka ngome hiyo, na Galadriel mwenyewe akaziangusha kuta zake!

Kuna ndoa pia. Mjukuu wa Galadriel, Arwen, alimkubali mwanadamu Aragorn juu ya kilima cha Cerin Amroth, humo humo msituni, mwaka 2980. Bwana harusi alikuwa na miaka 49. Bibi harusi alikuwa na 2,739! Wakangoja miaka 39 zaidi hadi siku ya harusi.

Je, wajua mti 1 wa mallorn ulihamia nchi ya Wahobiti, jamii ya Frodo na Sam? Galadriel alimpa Sam kasha dogo lenye udongo na mbegu 1, naye akaipanda pale ulipokatwa mti uliopendwa na kijiji kizima. Tarehe 6 Aprili 3020 mti huo mchanga ukachanua maua ya dhahabu, wa pekee kati ya Milima ya Ukungu na bahari. Watu wakafunga safari ndefu kuja kuutazama!

Uliona filamu? Cate Blanchett aliigiza Galadriel mwaka 2001, na Morfydd Clark akamwigiza akiwa kijana zaidi katika tamthilia ya mwaka 2022. Katika filamu ya pili Haldir, mlinzi wa msitu, anakufa vitani Helm's Deep. Katika kitabu hakukanyaga huko kabisa!

Tazama juu sasa! Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari Zohali, una vilima vyenye jina rasmi la Arwen. Mjukuu wa Bibi wa Lothlórien amefika angani.

Na hili la mwisho, lishike vizuri. Je, wajua Tolkien alikuwa bado anaibadilisha historia ya Galadriel katika mwezi wa mwisho wa uhai wake, Agosti 1973, akiwa na miaka 81? Mwanawe Christopher alizichapisha rasimu hizo mwaka 1980 katika Unfinished Tales: katika simulizi moja Galadriel alimpata Celeborn katika msitu wa Doriath, katika nyingine alimpata ng'ambo ya bahari. Wewe unaegemea upande gani? Zisome zote mbili, halafu njoo tubishane!